Zoezi la Tatu

Jumapili, Mei 4, 1975

Dada Paskazia, nisamehe. Daftari hili ulinipa kwa mkono wako siku tunatoka wodini, tarehe kumi na nane mwezi wa tatu, ukasema, "Minza, andika baba mkwe wako anavyoendelea, mavuno yakiisha unitumie. Daktari atataka kujua." Nikasema ndiyo dada. Leo ni wiki ya saba na ukurasa wa kwanza ulikuwa mweupe mpaka nilipokaa hapa. Mtu akiniuliza nitasema karanga, nitasema mtoto anaota meno. Karanga kweli tunang'oa, na Maua kweli anaota meno, ana miezi minane na ananing'ata ziwa mpaka natoa machozi. Lakini si hayo.

Nianze na mazuri. Tulifika salama. Kutoka Tabora hadi hapa Puge tulipata lori la pamba, dereva akamkalisha baba mbele kwenye kiti kirefu, hakukunja nyonga kupita ulivyosema. Kitanda tumekiinua kwa matofali. Chooni seremala ametutengenezea kiti chenye tundu, watu wanakuja kukitazama kama wanatazama gari. Kigoda hakikalii. Mimi nimekuwa askari wa vigoda, nikimwona mgeni anamsogezea kimoja nakitoa bila kuomba radhi.

Unamkumbuka, Mzee Lugembe, yule aliyekuwa akimuuliza kila muuguzi kama nyonga ya chuma inapanda baiskeli. Huku hawasemi Lugembe mkulima, wanasema Lugembe wa baiskeli. Kabla nyonga haijaoza alishinda mashindano ya Sabasaba miaka minne, kutoka Nzega mpaka hapa, na mwaka mmoja alishinda akiwa na gunia la mtama nyuma kwa sababu alikuwa ametumwa na mkewe, mama mkwe wangu, Mungu amrehemu. Wewe ulimwambia, "Miezi minne, na mazoezi yote tisa bila kuacha, halafu tutaona." Yeye neno "tutaona" hakulisikia. Anahesabu siku.

Sasa mabaya. Dada, mguu wake sijaushika hata mara moja. Pale wodini uliuchukua mkono wangu ukauweka chini ya goti lake, nikafumba macho, ukadhani nimechoka na safari. Kwenu sijui mambo yakoje. Kwetu mke wa mwana haingii anapolala baba mkwe. Hagusi shuka lake, hakalii kiti chake, akimsalimu anapiga goti kwa mbali. Nilikuja huko wodini kwenu Dar es Salaam kwa sababu Elieza, mume wangu, anafanya kazi kwenye genge la reli huko Kaliua na walimpa siku nne tu za kumpeleka. Tena katika nyumba yetu ni mimi niliyefika darasa la saba. Kusoma karatasi yako ni mimi. Basi tunafanya hivi: yeye amelala ndani, mimi niko nje chini ya dirisha na mtoto mgongoni, nasoma kwa sauti. Yeye anafanya, anahesabu, anasema, "Tayari." Naendelea na linalofuata.

Jumanne, Mei 6

Juzi sikusema yote.

Karatasi yako ina mazoezi tisa. Mimi nasoma manane. La tatu linasema alale kifudifudi, akaze makalio yote mawili, ahesabu hadi kumi, aachie, na msaidizi aweke kiganja juu ya kalio la upande uliopasuliwa ahisi kama nyama inakaza. Dada, neno hilo siwezi kulitamka likapita dirishani mpaka kwa baba mkwe. Siku ya kwanza nilifika hapo. Nikaruka. La nne nikaliita la tatu.

Baada ya wiki mbili aliniuliza, "Mayu, si walisema tisa?"

Nikasema, "Ni manane, baba. La tisa ni kutembea."

Mayu ni mama kwa lugha yetu. Ananiita hivyo siku zote. Nami nikamdanganya.

Jumatano, Mei 7

Karanga. Maua kahara.

Jumapili, Mei 11

Utaniuliza kwa nini nisimpe mwingine kazi hiyo. Yupo Mfaume. Ni fundi baiskeli, mtu wa Tabora mjini, Mwislamu, alihamia kijijini mwaka jana wakati wa Operesheni Vijiji, banda lake liko hatua hamsini kutoka kwetu. Ndiye rafiki wa baba. Kila jioni anakuja kumshika mguu kwenye mazoezi ya kuinua. Kusoma anasoma, lakini herufi za Kiarabu. Za karatasi yako hazijui.

Ningeweza kumwita pembeni nikamwambia, Baba Mfaume, kuna hili pia. Yeye si mkwe wangu. Lakini huyo bwana mdomo wake ni kengele ya shule. Leo kaingia uani akipaza sauti, "Hodi kwa Mzee Chuma! Umeshapata kutu au bado?"

"Kutu utapata wewe, mtumwa wa mnyororo," baba akajibu kutoka ndani.

"Mimi natiwa grisi kila Ijumaa. Wewe nani anakutia?"

Watu njiani walicheka. Mimi nikawaza, nikimwambia huyu jambo la makalio ya baba mkwe wangu, kesho litaimbwa kwenye shamba la kijiji kwa kupokezana. Nikanyamaza. Nimeandika hapa ili ujue kwamba njia nyingine ilikuwepo na niliiona.

Jumatatu, Mei 19

Baba amehitimisha wiki tisa. Gongo moja amelitupa, anatembea na moja. Kila mtu anashangilia. Mimi namtazama kwa nyuma. Akikanyaga mguu wa kulia mwili wote unaanguka upande, kisha unarudi, kama mlango wenye bawaba moja. Ulituambia wodini: nyama za nyuma na za ubavuni ndizo zinazoshikilia nyonga, zikilala mtu atayumba. Nakumbuka. Nilikuwa nimesimama pale pale.

Jumapili, Mei 25

Leo baiskeli. Mfaume ameisimamisha ile Phoenix yake kwa stendi, akaifunga na nguzo mbili za banda, kiti amekiinua mpaka mwisho kama ulivyoandika kwenye zoezi la nane. Gurudumu linazunguka hewani. Baba alipanda kutoka kwenye meza, mguu mmoja baada ya mwingine, na alipopiga pedali ya kwanza, dada, nilimwona uso. Sijapata kumwona hivyo tangu niolewe.

Kijiji kizima kilikuja. Wakaanza kumuuliza, "Umefika wapi, mzee?"

"Napita Ndala."

"Vumbi vipi?"

"Vumbi lipo. Sogea nisije nikakugonga."

Baadaye, "Sasa niko Isikizya, nanusa Tabora." Akawaambia kwamba babu yake alipita njia hiyo hiyo na pembe ya ndovu begani, akatumia siku tano, na yeye ametumia robo saa na bado hajatoka kwenye kivuli. Mfaume akasema, "Ndiyo maendeleo hayo, ndugu zangu. Mnyamwezi anakwenda safari na chakula cha mchana anakula nyumbani."

Nilicheka mpaka Maua akaamka. Halafu nikaona mguu wa kulia unasukuma kwa goti tu. Paja na nyuma vimelala. Hakuna aliyeona ila mimi, kwa sababu hakuna mwingine anayejua pa kutazama.

Jumapili, Juni 1

Elieza alikuja jana kwa treni ya mizigo na baiskeli ya kuazima, ameondoka leo. Siku moja na nusu. Alimwogesha baba yake, akambeba Maua, akalala kama gogo. Nilikuwa na karatasi yako ndani ya kanga, nimeikunja pale penye zoezi la tatu. Yeye ni mwanawe, kwake si aibu. Nilingoja tule. Tukala. Nilingoja aamke. Akaamka akasema, "Minza, baba ananiambia bila wewe angekuwa kitandani mpaka leo. Ahsante, mke wangu."

Baada ya maneno hayo ningesema nini? Nilimfungia viazi vya njiani.

Jumanne, Juni 3

Upepo. Pamba inapasuka yote kwa pamoja. Tunachuma tangu alfajiri.

Jumapili, Juni 8

Asubuhi baridi, mikono inakufa ganzi kwenye pamba. Karatasi nimesoma. Mazoezi manane.

Jumapili, Juni 15

Leo baba alimwambia Mfaume, nami nilikuwa nje ya dirisha kama kawaida, "Mguu huu ni mvivu. Madaktari wamefanya kazi yao. Mkwe anasoma kila siku, hachoki. Wewe unashika. Aliyebaki ni mimi. Ni uvivu wangu."

Mfaume hakufanya mzaha. Alisema taratibu, "Mzee, mtu mvivu simjui mimi aliyetoka jasho hivi."

"Basi ni nini?"

Mfaume akaushika mguu tena. Mimi nikaendelea, "La sita, baba. Inua mguu kwa upande."

"Nitafanya mara mbili," akasema. "Badala ya ishirini, arobaini."

Akafanya arobaini. Nilizihesabu zote.

Jumatano, Juni 18

Maua ana kikohozi. Sikulala. Mchana nilisinzia juu ya gunia la pamba, mwenyekiti akanipita, akasema, "Ndugu Minza, uhuru na kazi." Nikamwambia, "Uhuru na usingizi, ndugu mwenyekiti." Akaenda zake akicheka.

Jumapili, Juni 22

Nimejaribu. Naandika ili ujue kwamba nimejaribu. Nikiwa peke yangu shambani nilisema, "Zoezi la tatu. Lala kifudifudi." Nikarudia mara tatu. Neno lile nikalisema kwa pamba, likatoka. Nikasema, leo. Jioni nikakaa chini ya dirisha, nikasoma la kwanza, la pili. Nikavuta pumzi. Yeye ndani akasema, "Endelea mayu, mbona umekata? Umechoka? Mpe mtoto ziwa kwanza, mimi nangoja."

Alisema kwa upole mno. Nikasoma la nne.

Zamani nilimwona mkali. Nilipoletwa hapa miaka mitatu iliyopita nilidhani hanipendi, kwa kuwa alikuwa akizungumza na mimi akitazama ukuta. Sasa najua ilikuwa adabu yake. Tulikuwa tunaheshimiana, kila mmoja upande wake wa ukuta, na mguu wake ukaozea katikati.

Jumamosi, Juni 28

Amekwenda mpaka barabarani na kurudi kwa gongo moja. Anayumba zaidi. Watoto walimwiga nyuma yake. Nilimpiga mmoja kofi, na si wangu, mama yake kanuna. Nitaomba radhi kesho.

Jumanne, Julai 8

Nina mengi.

Jana ilikuwa Sabasaba. Wapanda baiskeli wangepita saa sita mchana, na kijiji kizima kilikwenda kuwangojea njia panda, maili mbili. Baba alisema hatakwenda, eti jua. Mfaume alikwenda mbele na pampu na viraka. Nami nilikwenda, lakini Maua mwili ukapata moto, nikarudi.

Nilipofika kwenye mikorosho nikasikia mnyororo. Nikasimama. Baba alikuwa ameifungua Phoenix kwenye nguzo, na alikuwa juu yake, njiani, anakuja upande wangu.

Dada Paskazia, alikuwa anaendesha. Sitaandika uongo. Kichwa amekiinamisha, viwiko ndani, vumbi nyuma yake. Alikuwa amepandia kwenye ile meza, baadaye niliikuta bado uani. Hatua thelathini, arobaini. Nilisahau kila kitu nikataka kupiga vigelegele. Aliniona. Akatabasamu, akashika breki, akateremsha mguu wa kulia kusimama.

Mguu haukumpokea. Nyonga ilitoka upande kama ile bawaba niliyokuandikia, mwili ukaufuata, na baiskeli ikamwangukia juu.

Nikakimbia. Akanyoosha mkono. "Usije! Usije mayu. Mwite Mfaume."

Mfaume alikuwa maili mbili. Nikasimama. Unaweza kuamini? Nilisimama hatua kumi kutoka kwake, na mtoto analia mgongoni, na baba mkwe wangu amelala juani chini ya chuma, shati limempanda, na nilisimama kwa sababu alisema nisije. Sijui muda gani. Nilimsikia akisaga meno. Hakupiga kelele.

Kisha nikakumbuka ulichotufundisha, kwamba nyonga ikichomoka unyayo unageukia ndani. Kutoka pale nilipokuwa sikuuona unyayo wake. Nikasema, "Baba, unyayo unatazama wapi?"

"Sijui. Sioni."

"Basi nakuja."

"Minza!"

Hajawahi kuniita jina langu. Nikamteremsha Maua nikamlaza kivulini kwenye majani. Nikaenda. Niliondoa baiskeli, nikashusha shati lake, nikapiga magoti. Unyayo ulikuwa unatazama juu, sawa na mwenzake. Nikaweka mkono wa kushoto chini ya goti kama ulivyonionyesha, wa kulia chini ya kisigino. Mguu ulikuwa wa moto na mwepesi. Nilidhani utakuwa mzito. Alifunika uso kwa mkono wake, nami nikatazama pembeni, na hivyo ndivyo tulivyokaa mpaka waliporudi wakiimba. Mshindi alikuwa mtu wa Igunga.

Mfaume ndiye aliyetuona kwanza. Alivua koti akatufunika sote wawili lipate kuwa kivuli kidogo, akawageukia watu akasema, "Nendeni mkale. Hakuna cha kutazama."

Alhamisi, Julai 10

Jana lori la pamba lilitupeleka hospitali ya Nzega. Walipiga picha. Chuma kimekaa mahali pake, mfupa mzima, Mungu mkubwa. Daktari ni kijana, aliipokea barua mliyotupa wodini akaisoma yote. Akamsimamisha baba kwa mguu mmoja, mwili ukaanguka upande. Akambonyeza nyuma.

Akasema, "Mzee, hapa hapana nyama. Zoezi la kukaza makalio mnafanya?"

Baba akasema, "Hilo halimo."

"Limo kila mahali. Ni la kwanza kabisa baada ya upasuaji huu."

"Kwenye karatasi yetu halimo," baba akasema, na sauti yake ikawa ngumu, ile niliyokuwa nikiiogopa zamani. "Mkwe wangu amefika darasa la saba. Anasoma kila siku tangu mwezi wa tatu, juani na kwenye baridi. Lingekuwemo angelisoma. Usimsingizie."

Mfaume alikuwa mlangoni. Muuguzi alikuwepo. Nami nilikuwa nimeishika karatasi mkononi.

Nikasema, "Limo, baba."

Akageuka. Alinitazama usoni, mara ya kwanza katika miaka mitatu.

Nikaikunjua karatasi nikasoma. "Zoezi la tatu. Lala kifudifudi. Kaza makalio yote mawili. Hesabu hadi kumi. Achia." Nikasoma mpaka mwisho, na kiganja, na kila kitu. Sauti haikutetemeka. Bora ingetetemeka mwezi wa tatu, lakini ikasoma.

Hakuna aliyecheka. Baba alichukua gongo lake akatoka nje.

Ijumaa, Julai 11

Nilipeleka uji. Umerudi kama ulivyokwenda. Anakula kwa Mfaume.

Jumamosi, Julai 12

Ugali wa mtama na mlenda anaoupenda. Umerudi. Nimeula mimi huku nalia, na Maua ananitia vidole machoni.

Jumapili, Julai 13

Leo ameniita uani. Yeye kwenye kiti kirefu, Mfaume pembeni. Nikapiga goti mbali, nikasema, "Shikamoo baba."

"Marahaba." Akalisogeza gongo lake kando. Halafu akasema, tena akinitazama, "Neno lile lingenichukiza siku moja. Siku mbili. Ningenuna, ningepona. Mimi ni mtu mzima, nina hayo makalio miaka hamsini na mbili, unadhani sijui kwamba ninayo?"

Mfaume alikohoa. Sijui kama alikuwa anacheka.

"Lakini nilijiita mvivu," baba akasema. "Wiki kwa wiki. Nilikuwa nalala na aibu hiyo, naamka nayo. Na wewe ulikuwa hapo dirishani unasikia."

"Nilisikia, baba."

"Uliniacha."

"Nilikuacha."

Nilitaka kusema ni aibu, nilitaka kusema ni ukwe, lakini vyote hivyo anavijua kuliko mimi. Goti langu likabaki chini.

Akamwashiria Mfaume. Mfaume akaingia bandani akatoka na jembe jipya, halina mpini. Akaliweka chini katikati yetu. Wazee wetu walikuwa na desturi hii: baba mkwe akiwa hoi na hana mwingine wa kumuuguza, humpa mke wa mwana jembe mbele ya shahidi, na tangu hapo haya inakunjwa kama mkeka, anaweza kuingia, anaweza kushika. Nilisikia nikiwa mdogo. Sikudhani kuna mtu bado anaifuata.

"Okota," akasema.

Nikaokota. Nikasema, "Ahsante baba. Na nisamehe."

"Hilo si msamaha," akasema. "Hilo ni jembe. Msamaha tutazungumza nyama ikirudi."

Jumatatu, Julai 14

Tumeanza. Nimeingia ndani. Kuna saa ukutani ambayo haifanyi kazi, na picha ya mama mkwe akiwa msichana. Miaka mitatu nimekaa nyumba hii na sikujua kwamba alikuwa na mwanya kama wa Maua.

Amelala kifudifudi. Mimi nashika goti na kuhesabu. Kiganja anaweka Mfaume, hapo baba alikataa kabisa mwanamke, na mimi nilishukuru.

"Kaza," nikasema.

"Nimekaza," baba akasema ndani ya mto.

Mfaume akatega kama anayesikiliza tairi linalovuja. "Kushoto mwamba. Kulia... mzee, kulia ni kama nimeshika unga."

"Shika vizuri wewe."

"Nishike vizuri wapi tena? Nikishika zaidi ya hapa itabidi nitoe mahari."

Baba alicheka, mabega yakamtikisika. Kwangu hakugeuka.

Jumapili, Julai 20

Nilimwogopa Mfaume bure. Siku kumi sasa na hakuna mtu kijijini anayejua lolote, hata mkewe. Wamwulizapo anasema, "Tunampima presha." Mdomo wake ni kengele, ndiyo, lakini kengele ina mtu anayeivuta. Ningemwambia mwezi wa tano, baba asingeanguka. Hilo nalibeba.

Ijumaa, Julai 25

Unga bado.

Jumapili, Agosti 3

Elieza alikuja. Nilimweleza kila kitu mbele ya baba yake. Alikasirika, akaondoka kwenda kutembea, akarudi amechoka. Akasema, "Mimi je? Nilikuja hapa mwezi wa sita, nikamwogesha, sikuiomba hata hiyo karatasi niione." Baba akasema, "Kaeni. Hamtagombania hatia kama shati la mtumba. Ina mwenyewe." Akanitazama. Nikakubali.

Baiskeli imefungwa tena kwenye nguzo. Hajaipanda. Watu wanamuuliza amefika wapi safari hii, anasema, "Nipo kituoni, nangoja."

Jumatano, Agosti 6

Baba amejiandikisha kisomo cha watu wazima. Darasa ni jioni, Jumatatu na Alhamisi, chini ya paa la ghala. Mwaka jana walimfuata mara tatu akakataa, akasema herufi hazipandi mlima. Hakuniambia kwa nini sasa ameamua, nami sikuuliza. Amenunua kalamu ya risasi.

Jumatatu, Agosti 11

Upande wa kulia, hesabu ya saba, Mfaume alisema, "Ngoja." Akasogeza kiganja. "Rudia mzee." Akarudia. "Sijui. Kama samaki mdogo. Amepita." Akarudia tena, hakupita. Baba alitaka kuendelea mpaka giza, nikamkataza, nikamwambia ishirini ni ishirini, ndivyo ulivyoandika wewe, dada. Alinung'unika akatii.

Jumapili, Agosti 17

Pamba imekwisha kupimwa, mtama umo ghalani, na daftari limebaki na kurasa mbili. Kesho Mfaume anakwenda Nzega kununua mipira ya ndani ya baiskeli, atalitia posta. Hivi ndivyo baba alivyo leo, daktari ajue: anatembea kwa gongo moja, anayumba kama mwezi wa tano, hana maumivu ila akikaa sana. Chuma kizima. Zoezi la tatu amelifanya siku thelathini na tano. Kabla ya hapo, kwa sababu yangu, wiki kumi na saba hakulifanya hata siku moja. Usiandike kwenye faili lake kwamba mgonjwa hakufuata maagizo. Andika kwamba msomaji hakusoma.

Ninavyohitaji unitumie:

Moja. Mipira miwili ya kuvika chini ya gongo. Ule wa zamani umeliwa na changarawe. Upana wake nimeuchora hapa pembeni kwa kuzungushia kalamu ncha yenyewe ya gongo.

Mbili. Karatasi mpya ya mazoezi. Hii imekatika kwenye mkunjo. Anataka iliyo yake, ya kubandika ukutani juu ya kitanda. Mazoezi yote tisa, namba kubwa.

Tatu. Dawa ya maumivu usitume, zahanati ipo.

Nne. Jibu. Nyama iliyolala wiki kumi na saba inaamka, au haiamki? Kama inaamka, ni baada ya muda gani, na je, ataweza siku moja kushuka baiskeli kwa mguu wa kulia? Usimfiche na usinifiche. Mwandikie yeye, bahasha iwe na jina lake, Lugembe, si langu. Andika kwa herufi kubwa zilizoachana, maneno mafupi, sentensi mojamoja. Ameshamaliza a e i o u, yuko kwenye silabi, mwalimu anasema mpaka mwezi wa kumi ataweza kusoma ukurasa. Ikija kabla ya hapo nitampa ikiwa imefungwa. Ataiweka mpaka aweze.